M ya Mtakatifu

Bibi yangu hakujua kusoma noti, lakini ndiye aliyesahihisha wimbo wangu wa kwanza. Nilimwimbia uani kwetu Ng'ambo, hapa Tabora, akipepeta mchele chini ya mwembe. Ungo ukasimama. “Huyo mTAkatifu ndiye nani?”

Nilikuwa nimeipa TA noti ndefu, tena ya juu, kwa kuwa ilisikika vizuri kwenye kinanda. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mtakaTIfu. Wapo walimu wa kwaya wanaosema hayo ni mambo ya darasani. Basi watamke baraBAra wapate njia ya magari, kisha baRAbara wapate “sawasawa”.

Kuna na hesabu yake. Sanctus, yaani Mtakatifu kwa Kilatini, ina silabi mbili. Mtakatifu ina tano, maana M yetu inasimama peke yake. Ukiliimba mara tatu, Kilatini sita, Kiswahili kumi na tano. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipopitisha hati ya liturujia, yaani ya ibada, tarehe 4 Desemba 1963, na lugha za wenyeji zikapata nafasi kwenye Misa, mzigo huo ukawaangukia watunzi. Ukimimina maneno yetu kwenye tuni ya zamani, M ndiyo inayomezwa kwanza.

Mimi huitanguliza kabla ya pigo zito: M kwenye so, ta kwenye la, ka kwenye ti, kisha silabi ti inatua kwenye do ya juu. (Ndiyo, noti ti inabeba ka. Kila mwanakwaya mpya huchanganyikiwa hapo.)

Mwaka aliofariki Bibi, nilitaka kumtungia wimbo wa tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote. Sala yenyewe kila jumuiya inaijua: raha ya milele uwape ee Bwana. Uwape ni ya wengi, na mkazo wake uko kwenye WA, silabi ya kufungua kinywa. Hapo kwaya hupaza sauti hadi bati likatetemeka. Marehemu akiwa mmoja tunasema umpe. Hesabu: u-m-pe. Ya pili kutoka mwisho ni M. Pigo zito linaangukia midomo iliyofumbwa, na hakuna soprano awezaye kupaza sauti amefumba midomo.

Nilihangaika nayo wiki nzima. Nilijaribu hata kukwepa kwa “umpatie”, ikawa kama barua ya ofisini. Mwishowe nikarudi kwenye umpe, M nikaishusha hadi so ya chini, nikairefusha mapigo manne, sauti zote nne zivume pamoja. Bibi alikuwa akivuma hivyo hivyo akipepeta.

Mazoezini besi mmoja akauliza, “Mwalimu, hapa tunaimba au tunanung'unika?”

Nikamwambia ahesabu mapigo.