Misumari ya shaba ni ya mlango au ya nyumba?

Wiki hii nimeletewa tena maelezo ya ziara ya Mji Mkongwe niyapitie kabla hayajachapwa. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Zanzibar is a very beautiful, amazing, wonderful, unique and historical island." Tuache kwanza kwamba Zanzibar si kisiwa kimoja, Wapemba wananielewa. Aliyeandika ni kijana hodari, kutwa anatembeza wageni, na Kiingereza cha mdomoni kinamtiririka. Nilipomuuliza vivumishi vyote hivi vya nini, akanijibu lile lile ninalojibiwa na wanafunzi wa Kidato cha Nne, wenye gesti, na hata walimu wenzangu wa skuli: "Mwalimu, sentensi lazima ipambwe."

Nimechoka kulisikia neno hili. Kivumishi, kielezi na kirai kihusishi (fungu la maneno linaloanza na kihusishi kama "on" au "with") si mapambo. Vimo katika sentensi ili kumwambia msomaji jambo ambalo nomino na kitenzi havikulisema. Kama hakuna jambo jipya, hakuna kilichotajirika. Hebu futa "Zanzibar" katika sentensi ya kijana wetu uweke "Mauritius" au hata "Sicily". Imeharibika? Haikuharibika hata kidogo, na hapo ndipo penye ugonjwa. Sentensi inayofaa kila kisiwa duniani haijasema lolote juu ya kisiwa chetu.

Sasa soma hii: "Cloves dry on mats along the road to Wete." Haina kivumishi hata kimoja, wala kielezi cha neno moja. Ina nomino, kitenzi chepesi kabisa, na virai vihusishi vitatu vilivyoshikana mikono: juu ya majamvi, kandokando ya barabara, ya kwendea Wete. Aliyewahi kupita Pemba msimu wa karafuu anaisikia mpaka harufu, na mgeni ambaye hajafika anapata picha ambayo hawezi kuipeleka Mauritius. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu wajifunze virai vihusishi kabla ya kukariri orodha za maneno makubwa.

Vivyo hivyo kwa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe. Kila karatasi ya ziara inaliita "a very historical building". Andika "built for Sultan Barghash in 1883" na historia imeshaingia, kwa virai viwili, bila ya kumlazimisha mtu ashangae. Ukitaka ajue yaliyolikuta, mwambie kwamba sehemu yake iliporomoka "in December 2020". Tarehe zinafanya kazi ambayo "very" haiwezi.

Lakini kirai kihusishi kina hatari yake, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu vitabu vya skuli vinapita mbio.

Tazama: "You will see the door of an old house with brass studs." Misumari ya shaba iko wapi? Sisi tunaoijua milango ya Mji Mkongwe tunajua iko mlangoni. Mgeni aliyetoka Norway hajui. Anaweza kabisa kufikiri ni nyumba nzima iliyopigwa misumari, maana kirai kimeketi ubavuni mwa "house".

Kwa nini kosa hili linatutokea sana? Kwa sababu lugha yetu imetuzoesha raha. Ukisema "mlango wa nyumba wenye misumari ya shaba", ile "wenye" imeshamaliza mjadala: ni mlango. Ukisema "mlango wa nyumba yenye misumari", ni nyumba. Upatanisho unabeba kazi yote, na kirai kinaweza kukaa mbali na mwenyewe bila ya kupotea. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hii. "With" ni "with" tu, kwa mlango, kwa nyumba, kwa sultani. Kinachomwongoza msomaji ni ujirani na akili yake. Kwa hiyo kirai kisogeze karibu na nomino yake, au kigeuze kivumishi na kukitanguliza: "the brass-studded door of an old house". Hapo hakuna wa kuuliza.

Tusijisifu kupita kiasi, lakini. Jaribu "mlango wa mji wenye misumari". Mlango na mji ni ngeli moja, na hapo na sisi tunababaika kama wao.

Na kuna tabaka la pili. Upatanisho wetu unafanya kazi kwenye "-a" na "-enye", lakini "kwa" haipatani na kitu. Nilikutana na sentensi hii kwenye maelezo ya msitu wa Jozani: "Visitors can watch the monkeys eating leaves with binoculars." Kima punju wanakula majani kwa darubini! Ukiitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno, utata unabaki pale pale. Mwandishi hakukosea kihusishi, amekosea mahali. "With binoculars, visitors can watch the monkeys eating leaves" inatosha.

Kwa hiyo kabla hujaandika "with", jiulize kwa Kiswahili: hapa nataka kusema "-enye" au nataka kusema "kwa"? Ikiwa ni "-enye", kirai kinafanya kazi ya kivumishi, kifungie kwenye nomino. Ikiwa ni "kwa", kinafanya kazi ya kielezi, kisogeze karibu na kitenzi au kipeleke mwanzo wa sentensi. Mitaala mingi inavipa virai hivi jina moja na kuvifunza kwa pamoja, kisha tunashangaa mwanafunzi anavichanganya.

Vielezi nitavipitia haraka. Si kila kinachoishia na "-ly" ni kielezi: "friendly" na "lovely" ni vivumishi, usiandike "he welcomed us friendly". Usitie kielezi kati ya kitenzi na yambwa, yaani kile kinachotendwa: sisi twasema "anazungumza vizuri Kiingereza" na hakuna anayegeuka, lakini "she speaks well English" inakwaruza sikio. Na "hardly", tafadhali. Nimesoma "The women of Paje work very hardly in the sea." Wanawake wanaoinama majini saa kwa saa kwenye mashamba ya mwani wameambiwa kwamba karibu hawafanyi kazi! "Hardly" maana yake ni hivyo. Hata ukirekebisha ukaandika "very hard", bado hujaonyesha chochote. Onyesha kazi yenyewe: "At low tide, the women tie seaweed to ropes stretched between wooden pegs." Maji yamekupwa, kamba zimetandazwa, vijiti vimesimama. Msomaji atajua mwenyewe kama kazi ni ngumu.

Mpangilio wa vivumishi unawatia watu hofu kubwa kuliko inavyostahili. Vitabu vinatoa jedwali: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitu kilichotumika kutengenezea. Jedwali ni zuri, linakuokoa na "a wooden old door". Lakini ukilichunguza linavuja. Waingereza wenyewe wanasema "big bad wolf", ukubwa umetangulia maoni, na maelezo niliyoyasoma juu yake hayajaniridhisha. Na "carved" iende wapi? Naandika "an old carved wooden door" kwa sababu sikio linakubali, si kwa sababu nina kanuni ya kukupa. Vivumishi viwili vyenye habari vinatosha mara nyingi; ukifika cha nne, swali la mpangilio limeshakuambia kwamba umezidisha.

Limebaki swali ninaloulizwa na Wapemba kila muhula: "in Pemba" au "on Pemba"? Kitabu kitakwambia visiwa huchukua "on" na nchi huchukua "in", kisha kinyamaze. Mimi huandika "in Zanzibar", kwa sababu ina serikali yake na watu huitaja kama nchi, na "on Pemba" ninapozungumzia kisiwa kama ardhi: mikarafuu, vilima, fukwe. Mwanafunzi aliyeniandikia "I was born in Pemba" sikumkata alama, wala sitamkata. Anazungumzia kwao, mahali penye watu na mitaa, na "in" inabeba hilo vizuri kuliko "on". Lakini akiandika "the forest in the north in Pemba in Ngezi", hapo kalamu nyekundu inatoka: "Ngezi Forest, in the north of Pemba".