Mtandao wa huduma shirikishi za afya: nini humvuta daktari wa familia kujiunga?

Daktari wa familia ni yule anayekuona kabla ya mabingwa, halafu anakuona tena na tena: mtoto kwa homa, mama kwa ujauzito, babu kwa presha. Huku Mtwara cheo hicho hakisikiki sana. Kazi yenyewe ipo, ila inafanywa na tabibu wa zahanati, daktari wa kituo cha afya, au daktari mstaafu aliyefungua zahanati yake Masasi au Newala mjini.

Mtandao wa huduma shirikishi ni makubaliano kati ya watu hao, pamoja na wauguzi, wafamasia, maabara na hospitali ya rufaa, kwamba watawahudumia watu wa eneo moja kwa kusaidiana. Kila mmoja anabaki na kituo chake na bango lake mlangoni. Wanachounganisha ni rufaa, taarifa za mgonjwa, zamu, mafunzo na wakati mwingine fedha.

Nchi kadhaa zimeshaufanya utaratibu huu kuwa rasmi. Katika jimbo la Ontario, Canada, timu za afya ya familia zilianza 2005. England ilianzisha mitandao ya huduma za msingi Julai 2019, mmoja kwa kawaida ukihudumia watu kati ya 30,000 na 50,000. Uholanzi walianza na kisukari: madaktari wa familia wakaungana katika vikundi, na bima ikawa inalipa kikundi malipo ya jumla kwa matunzo ya mgonjwa, badala ya kumlipa kila mhudumu peke yake kwa kila hatua.

Sasa, daktari anaingia kwa nini? Ukiuliza mtaani utaambiwa hela, na si uongo. England karibu vituo vyote vilijiunga, na sababu moja kubwa ni kwamba fedha mpya zilipitia kwenye mitandao hiyo, zikiwemo za kuajiri wafamasia na wataalamu wa tiba ya viungo ambao kituo kimoja kisingeweza kuwalipa. Pia kuna nguvu ya kujadiliana. Mkulima wa korosho wa Tandahimba anaelewa jambo hili bila somo: akiwa na magunia yake mawili nyumbani, mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho nje ya utaratibu rasmi, ndiye anayepanga bei; mzigo ukikusanywa na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ukaenda mnadani, wanunuzi ndio wanaoshindana. Daktari mmoja mbele ya mfuko wa bima hana tofauti na huyo mwenye magunia mawili. Na kama ilivyo kwa AMCOS, manung'uniko ya makato hayakosekani.

Hata hivyo, kwa maoni yangu hela humleta daktari kwenye kikao cha kwanza tu. Kinachomfanya aendelee kuhudhuria ni kuchoka kufanya kazi peke yake.

Chukua mfano wa mzee wa kisukari anayefika zahanati na mfuko wa nailoni. Ndani mna daftari la shule lililokunjwa katikati, ndilo rekodi yake yote ya matibabu, na vipande vitatu vya vidonge kutoka maduka matatu ya dawa. Viwili kati ya hivyo ni dawa ileile kwa majina tofauti ya kibiashara. Kidole cha mguu kimeanza kuwa cheusi. Daktari anajua huyu anatakiwa hospitali, anaandika barua ya rufaa kwenda hospitali ya Ligula au Ndanda, mzee anapanda gari. Baada ya hapo, kimya. Barua imekwenda, mrejesho haurudi. Miezi miwili baadaye mzee anarudi mguu umekatwa, daftari jipya, na daktari hajui alipewa dawa gani wala kwa nini ile ya zamani ilisimamishwa.

Mtandao ukifanya kazi vizuri, mambo mawili yanabadilika hapo. Kwanza, kabla ya kuandika rufaa daktari anampigia mtu anayemfahamu kwa jina na kuuliza: huyu aje leo au asubiri kliniki ya Jumanne? Pili, mgonjwa anaporudi, karatasi ya maelezo inakuwa imemtangulia. Kusini tumepata Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mitengo, na huduma nyingi za kibingwa si lazima tena kuzifuata Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Lakini bingwa kuwa karibu hakumsaidii sana daktari wa Nanyumbu asiyejua amwulize nani.

Zamu nayo ina uzito wake. Daktari mwenye zahanati binafsi akiugua au akifiwa, anafunga mlango. Akiwa na wenzake, mmoja anamshikia. Yapo pia mafunzo: leseni ya udaktari Tanzania inadai mafunzo endelevu, na kujifunza kesi ngumu na wenzako wa wilaya jirani kunagharimu kidogo kuliko kufuata semina mjini.

Wanaokataa nao wana hoja. Mmiliki wa zahanati anaogopa kwamba mgonjwa akishaonja hospitali kubwa harudi. Mwingine hataki takwimu zake zilinganishwe na za jirani: nani ana presha nyingi zisizodhibitiwa, nani anaandika antibayotiki hovyo. Wengi wanaogopa vikao na fomu tu, na hofu hii naiona ya haki kuliko zote. Mtandao usiokuwa na mratibu anayelipwa hugeuka kazi ya usiku ya yuleyule daktari aliyechoka, ukafa kimyakimya. Tena mtandao ulioagizwa kutoka juu, ambao madaktari hawakuulizwa wanataka kushirikiana katika nini, hupata sahihi nyingi na mahudhurio machache.

Kwetu, mtandao unaoonekana zaidi kwa sasa ni kundi la WhatsApp. Si jambo la kudharau: ndiko picha ya eksirei inakotumwa saa tano usiku na jibu linakuja. Tatizo ni kwamba jina la mgonjwa mara nyingi linasomeka pembeni ya picha, na kundi lina watu ambao hakuna anayekumbuka nani aliwaingiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Daktari anayealikwa kwenye mtandao rasmi afadhali aulize mapema kumbukumbu zitahifadhiwa wapi, nani anaruhusiwa kuzifungua, na siku akiamua kutoka, wagonjwa wake na mafaili yao yatahesabiwa kuwa ya nani.