Mbunge mpya wa Kanada hana mfuko wa jimbo

Ninafanya kazi katika ofisi ya jimbo ya mbunge wa Kanada, kitengo cha mafaili ya wananchi. Kila uchaguzi ukipita, ndugu zetu wa Afrika Mashariki walioko huku huniuliza: huyu mpya atatuletea nini? Siwashangai. Kenya mbunge ana mfuko wa maendeleo ya jimbo, NG-CDF, wa kujengea madarasa, Tanzania yupo na Mfuko wa Jimbo. Mbunge wa Kanada hana hata senti ya namna hiyo. Shule na hospitali ni mambo ya mkoa, ambao huku una serikali na bunge lake, na barabara ya mtaani kwako ni ya halmashauri ya mji. Bajeti anayopewa na Bunge ni ya kuendeshea ofisi: mishahara ya wasaidizi, pango, safari, vipeperushi. Na mkewe, mumewe au mwanawe haruhusiwi kumwajiri kwa fedha hizo.

Uchaguzi wa 28 Aprili 2025 ulitoa wabunge 343, watano zaidi ya Bunge lililotangulia, kwa kuwa mipaka ya majimbo ilichorwa upya baada ya sensa ya 2021. Kabla ya kuketi, kila mmoja huapa mbele ya Karani wa Bunge katika hafla ndogo, familia yake ikiwa pembeni. Kiapo chenyewe ni sentensi moja ya utii kwa Mfalme Charles III, kisha anasaini kitabu na basi. Hutaona ule msururu wa wabunge wakiapishwa mmoja mmoja mbele ya Spika kama Dodoma. Mshahara, kuanzia 1 Aprili 2025, ulikuwa dola 209,800 kwa mwaka. Wengi wakifika kwenye namba hiyo huacha kusikiliza yanayofuata.

Yanayofuata ndiyo kazi. Huku jimboni mara nyingi mpya anaanzia patupu: atafute jengo, aajiri watu, avute simu. Kama aliyemtangulia ameshindwa, mafaili ya wananchi hayahami yenyewe. Mwananchi alisaini fomu ya ridhaa inayomtaja mbunge yule, si huyu, na sheria ya faragha haichezewi. Kwa hiyo wiki za mwanzo ni za watu wanaorudi na bahasha zilezile kusimulia upya habari waliyokwisha kuisimulia. Inachosha, na wanaochoka zaidi ni wao.

Mafaili hayo ni ya pasipoti, bima ya wasio na ajira, pensheni ya uzeeni, kodi, na zaidi ya yote uhamiaji. Chukua mfano wa dada anayeishi hapa, mama yake yuko Mwanza, na ombi la viza ya matembezi limekaa miezi bila jibu huku harusi inakaribia. Anakuja akiamini mbunge atapiga simu na viza itatoka. Haitoki hivyo. Idara ya uhamiaji ina kituo maalumu kinachojibu ofisi za wabunge na maseneta. Sisi tunatuma namba ya ombi pamoja na ridhaa ya mwombaji mwenyewe, nao wanatuambia faili limekwama wapi: bado linasubiri uchunguzi wa usalama, alama za vidole hazijaonekana, au kuna waraka unaosubiriwa. Hapo ndipo ofisi huwa na faida. Mara nyingine barua ya kudai waraka ilikwenda kwenye barua pepe ya wakala aliyelipwa zamani na ambaye hapokei simu tena. Kulijua hilo mapema ni tofauti ya kuhudhuria harusi na kutazama video yake.

Lakini kuruka foleni hatuwezi, na uamuzi ni wa afisa wa viza. Barua ya kuungwa mkono yenye nembo ya Bunge watu wanaithamini mno. Kwa maoni yangu taarifa safi ya benki na sababu nzuri ya kurudi nyumbani vina uzito kuliko barua hiyo. Kesi za ukimbizi ni habari nyingine kabisa: Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi inaamua kwa namna ya mahakama, na si mahali pa mbunge kusukumasukuma.

Kule Ottawa nako mpya hukuta mambo yanapimwa kwa saa. Jumatatu hadi Alhamisi, saa nane mchana kuna dakika 15 za kauli za wabunge, kila mmoja sekunde 60. Saa nane na robo kinaanza kipindi cha maswali, dakika 45, ambapo swali lina sekunde kama 35 na jibu vilevile. Nani asimame, chama ndicho kinapanga, na ndicho kinachompelekea Spika orodha. Mbunge aliyezoea kuhutubia umati kwa nusu saa unamkuta na saa mkononi, akikata maneno mpaka swali libaki mfupa. Klipu hizo ndizo zinazosambaa mtandaoni, ila ukitaka kumjua mbunge wa viti vya nyuma (asiye waziri wala kiongozi wa chama) anayefanya kazi, tazama maswali yake ya maandishi, ambayo anaweza kuitaka serikali iyajibu ndani ya siku 45, na namna anavyowahoji mashahidi kwenye kamati. Kamati nayo anapangiwa na mnadhimu wa chama. Kuomba anaweza, kuchagua hapana.

Na sheria? Miswada ya wabunge binafsi hupangwa kwa bahati nasibu mwanzoni mwa Bunge. Majina 30 ya juu ndiyo yanayoingia kwanza kwenye ratiba, na aliye chini sana anaweza kumaliza muhula mswada wake haujajadiliwa. Mswada ukihitaji serikali itumie fedha mpya, haupiti bila pendekezo la kifalme, nalo huletwa na waziri.

Akiteuliwa waziri, ubunge haumtoki, kama Tanzania na si kama Kenya ya katiba ya 2010. Arif Virani, aliyezaliwa Kampala na kuletwa huku akiwa mtoto mchanga Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alikuwa Waziri wa Sheria huku akiwa bado mbunge wa Parkdale–High Park, Toronto, mpaka 2025. Kabla yake, mwaka 2004, Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanganyika, aliingia Bungeni akiwa mwanamke Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa. Ukubwa wa jimbo nao ni bahati yako: Nunavut ni jimbo moja linalozidi Tanzania mara mbili kwa eneo, lina jumuiya 25 na hazijaunganishwa kwa barabara. Mbunge wake akitembelea wapiga kura anapanda ndege.

Basi ukija kwetu, kwanza hakikisha shida yako ni ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Ottawa. Kadi ya afya mpelekee mbunge wa mkoa. Njoo na namba ya ombi, barua zote ulizopokea, na ridhaa iliyosainiwa na mwombaji, siyo na wewe kwa niaba yake. Kama ni jambo la watu wengi, saini 25 za karatasi zinatosha mbunge kuwasilisha ombi la wananchi Bungeni, au 500 kwa njia ya mtandao, na serikali inatakiwa kujibu ndani ya siku 45. Ukimtaka mwenyewe, jaribu Ijumaa au wiki ambazo Bunge halikai. Siku nyingine utatukuta sisi.