Mtoto ajilishe mwenyewe, sawa, ila dagaa wako wapi?

Wiki kadhaa zilizopita kaja mama mmoja kliniki, binti tu, uzazi wa kwanza, hata hajakaa vizuri ashanipa simu niangalie video. Mtoto wake wa miezi 8 yuko kwenye mkeka, kashika kipande cha parachichi kama mtu mzima na mshikaki wake, uso wote kijani, anacheka peke yake. Nikacheka na mimi. Akaniambia, "Dada, huyu sijawahi kumlisha kwa kijiko hata siku moja, toka kafikisha miezi 6 anajilisha mwenyewe, inaitwa BLW, yaani baby-led weaning, ila mama mkwe hanielewi kabisa." Mama mkwe mwenyewe yuko kwenye benchi pale nje anatusikia, akaguna, ile guna ya kina mama wa Ujiji ambayo haihitaji maneno.

Nikamshika mtoto nikamvuta kope la chini. Jeupe. Tukapima damu, iko chini. Nikamuuliza mama, wiki hii amekula nini? Akanitajia: ndizi mbivu, parachichi, muhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu, papai, muhogo tena. Samaki je? "Bado, naogopa miiba." Nyama? "Si hana meno dada." Maharage? "Yatamjaza gesi." Na huyu anaishi Kigoma mjini hapa hapa, bajaji kidogo tu uko Kibirizi, dagaa wameanikwa harufu inakupokea kabla hujashuka.

Mimi ni afisa lishe, na ni mama wa wawili, na tangu huu mtindo uingie kwenye magrupu ya WhatsApp naulizwa kila wiki, wengine wanaupenda, wengine wanaona ni wazungu wamechoka kupika uji. Nitasema ninavyouona, kwa kusikia wazazi wengi na kwa makosa yangu pia.

Kwanza hilo neno lenyewe limeshaleta shida. Kule Uingereza ulikoanzia, muuguzi wa afya ya jamii anaitwa Gill Rapley ndiye aliyeutangaza sana kwenye miaka ya 2000, wakisema weaning wana maana ya kumwanzishia mtoto chakula. Huku kwetu mtu akienda kutafuta maana yake anakuta "kuachisha ziwa". Nimeshapata mama wawili, wawili kabisa, waliomwachisha mtoto ziwa akiwa na miezi 6 kwa sababu waliamini ndo hatua ya kwanza ya huo mtindo! Hapana. Ziwa linaendelea mpaka miaka 2 na zaidi kama mnapenda, na miezi hii ya mwanzo ndiyo bado chakula kikuu. Hata sisi wenyewe zamani tulikuwa tunasema chakula cha kulikiza, siku hizi tunasema chakula cha nyongeza, kwa sababu hiyo hiyo, kinaongezwa juu ya ziwa, hakiji kuliondoa.

Sasa mtindo wenyewe ni kwamba humsagii mtoto, humtii kijiko mdomoni, unampa chakula laini kilichokatwa kirefu kama kidole cha mtu mzima, anashika, anapeleka mwenyewe, akishiba anaacha. Ukikaa ukafikiria siyo kigeni kihivyo, mtoto gani wa Kigoma hajawahi kupewa kipande cha ndizi ya kuchemsha ashike atulie wakati mama anageuza ugali? Kipya ni ile kusema HIVYO TU, kijiko marufuku. Na mimi tatizo langu liko hapo hapo kwenye marufuku.

Zuri lake nalisema wazi kwa sababu ninaona kinyume chake kila siku. Watoto wanashikwa mikono, wanalazwa chali mapajani, wanazibwa pua ili wameze uji. Uji unaingia kifuani, mtoto anaanza kuogopa kikombe, halafu tunasema mtoto mbishi hapendi kula. Mtoto anayeshika mwenyewe hana vita na chakula. Baba mmoja mvuvi wa Katonga aliniambia mtoto wao wa kwanza walimlisha kwa fimbo (maneno yake), wa pili wakamwekea chakula mbele wakamwacha, na huyo wa pili ndiye anayekula migebuka (samaki wetu wa ziwani) mpaka anamaliza sahani ya baba. Huyo ni mmoja, najua, siyo utafiti, lakini nimesikia hadithi za hivyo nyingi.

Umri: miezi 6 imefika, halafu mtoto mwenyewe akuonyeshe yuko tayari. Shingo imekaza, anakaa wima ukimshikilia kidogo tu, anachukua kitu anakipeleka mdomoni bila kukosa, na ulimi hausukumi nje kila kinachoingia. Akiwa bado analala upande kama gunia, subiri kumpa vya kushika, anza na vya kupondwa. Aliyezaliwa njiti njoo kliniki tuongee, huyo hesabu yake ni nyingine.

Halafu lile swali linalotangulia mengine yote: si atakabwa?

Kiswahili kimetusaidia hapa, tuna kupaliwa na tuna kukabwa. Mtoto anayejifunza chakula kigumu atajikunja, atatoa ulimi, macho yatajaa machozi, atakohoa, pengine atatapika kidogo halafu anaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Hiyo ina kelele, na kelele ni nzuri, maana yake hewa inapita. Muache akohoe, usimtie kidole, usimwagie maji mdomoni. Kukabwa ni kimya. Mdomo wazi, sauti haitoki, midomo inaanza kuwa ya bluu. Hapo hapo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umshikilie taya, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, ikigoma mgeuze chali mbonyeze katikati ya kifua mara 5, rudia hivyo huku mtu mwingine anaita msaada. Kidole cha kutafuta tafuta kooni usiingize, ukikiona kitu kwa macho sawa kitoe, usipokiona utakisukuma ndani zaidi.

New Zealand waliwafuatilia watoto 206 kwenye jambo hili, nusu wazazi walifundishwa kuwaacha wajilishe, wengine wakaendelea kama kawaida yao. Kama theluthi moja walikabwa angalau mara moja kati ya miezi 6 na 8, na makundi mawili hayakutofautiana. Wale wa kujilisha walikuwa wanakohoa na kujikunja zaidi wakiwa na miezi 6, ila walipofika 8 wakawa wanafanya hivyo kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo hatari haiko sana kwenye nani anashika chakula, iko kwenye chakula gani. Na hapo mimi ndo nilipoteleza: wa pili wangu nilimpa kipande cha embe, tamu, ila halijaiva vizuri, bado gumu, nikageuka kuchukua khanga. Nilivyorudi hana sauti. Mara ya tatu ya kumpiga mgongoni likatoka. Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia, na nina vyeti ukutani! Toka hapo kipimo changu ni kimoja, kama sikipondi kwa kidole gumba na cha shahada hakiingii kwa mtoto. Karanga nzima hapana, karoti mbichi hapana, bisi hapana, zabibu nzima hapana, muhogo wenye ule mzizi wa katikati hapana. Na usigeuke kuchukua khanga.

Sasa turudi kwa yule mama na kope jeupe, kwa sababu hofu yote imeenda kwenye kukabwa wakati watoto ninaowaona wakiumia wanaumia kimya kimya kwa kukosa damu. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyopewa na mama yake tumboni, ikifika miezi 6 hivi akiba inaelekea kuisha, na maziwa ya mama pamoja na uzuri wake wote yana chuma kidogo mno, haifiki hata nusu miligramu kwa lita. Wakati huo huo mtoto anakua kwa kasi. Kwa makadirio wanayotumia Marekani, mtoto wa miezi 7 mpaka 12 anahitaji miligramu 11 za chuma kwa siku, na baba yake, mwanaume mzima anayebeba magunia bandarini, anahitaji 8. Soma tena hiyo. Katumbo kadogo kama ngumi, mahitaji kuliko baba.

Hapo ndizi, papai na muhogo haviwezi kukuokoa hata ajilishe kwa ustadi gani. Na hapa Tanzania karibu watoto 6 kati ya 10 wenye miezi 6 hadi miaka 5 wana upungufu wa damu (malaria na minyoo vimo humo pia, siyo chakula peke yake). Hata wale watafiti wa New Zealand hawakuuchukua mtindo ulivyo, waliurekebisha kwanza, wakawaambia wazazi kila mlo uwe na kitu kimoja chenye chuma kwa wingi. Hicho kipande ndicho kinachopotea video ikishafika kwenye simu zetu, maana parachichi linapendeza kwenye kamera kuliko dagaa.

Mimi ninavyofundisha ni hivi. Chukua dagaa wakavu, toa vichwa ukipenda, osha, anika tena wakauke, kaanga bila mafuta mpaka wawe wanavunjika, twanga au saga, chekecha kwa chekecheo laini ili mifupa mikubwa ibaki. Unga huo weka kwenye kopo lenye mfuniko. Ponda kiazi kitamu au ndizi ya kuchemsha, tia kijiko cha unga wa dagaa, matone ya mawese, finyanga virefu kama kidole. Anashika, anakula, chuma kinaingia. Maharage ya kuchemsha yakaiva kabisa, menya ganda, ponda, changanya hivyo hivyo. Maini ya kuku ukipata yachemshe, ponda. Yai liive, likate vipande virefu. Mgebuka mchemshe, chambua kwa vidole vyako mara mbili, siyo kwa macho, kwa VIDOLE, macho huwa hayaoni miiba. Kipande cha papai au embe lililoiva vizuri pembeni kinasaidia chuma cha maharage kuingia mwilini, chai ya rangi inakizuia, na chai kwa mtoto mdogo nayo jamani tuache.

Mawese yasiunguzwe. Najua wengi hapa tunayachoma mpaka yanakuwa meupe ili harufu iishe, lakini ile rangi ya chungwa ndiyo yenyewe vitamini A inakotoka, ikipotea rangi umebaki na mafuta tu.

Na kijiko kirudi. Mtoto ana cha kushika mkononi, na wewe una bakuli la uji mzito wenye dagaa au karanga zilizosagwa, akifungua mdomo unampa, akigeuza uso unaacha. Miezi 6 mpaka 8 milo 2 au 3 kwa siku, baada ya hapo 3 au 4. Haijavunja sheria yoyote, hakuna polisi wa BLW. Mama mmoja wa Mwanga alinilalamikia kwamba wenzake kwenye grupu walimwambia "umeharibu" kwa sababu ya vijiko vitatu vya uji. Umeharibu nini?

Mengine niliyokusanya kwa wazazi. Kiti kirefu chenye meza hatuna wengi wetu, basi mama wa Gungu kanifundisha beseni: tandika khanga ndani, mtoto anakaa humo anashikiliwa pande zote, chakula kwenye sahani mbele, kikidondoka kinadondokea ndani, siyo kwenye mavumbi na kuku. Mikono yenu wote wawili kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla, na hili ni zito kuliko huko Uingereza, mtoto anayejilisha analamba kila kitu kilicho kwenye vidole vyake, na sisi kipindupindu tunakijua kwa jina. Chumvi usitie, Uvinza wanakotengeneza chumvi haitafungwa kwa sababu mtoto mmoja kakosa chumvi.

Asali ndo ugomvi wangu na majirani zetu wa Tabora. Bibi kapanda treni na galoni la asali ya miombo, safi kabisa, anampaka mjukuu wa miezi 5 kwenye ulimi kama baraka. Bibi shikamoo, asali tunashukuru, ila mtoto hajafika mwaka 1 asionje hata kidogo, asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi na vinaweza kumlegeza misuli mpaka ya kupumulia. Itunze, haiozi, atakula siku ya birthday.

Na msiniambie dagaa ghali, najua. Mbalamwezi wavuvi wanalala, bei inapanda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti kina mama walikuja wananiuliza tufanyeje, nikawaambia maharage, kunde, yai kila likipatikana, na ziwa likifunguliwa saga dagaa wa kutosha uweke akiba. Mtoto wa miezi 7 anatumia kijiko kimoja kimoja, robo kilo inakwenda mbali.

Yule mama alirudi baada ya mwezi. Dawa ya kuongeza damu anampa, na safari hii video ni ya mtoto kwenye beseni na kidude cha kahawia mkononi ambacho hakipendezi hata kidogo kwenye kamera. Anayefinyanga, mkono tu unaonekana, ni mama mkwe.