Pakiti umeiweka, Python inasema haipo

Jumamosi, kwenye darasa letu la Ngara, kijana mmoja alinigeuzia laptopu yake. "Mwalimu, pandas nimeisakinisha mara tatu. Bado inakataa." Kwenye skrini palikuwa na `ModuleNotFoundError`, yaani Python, lugha ya programu anayojifunza, haiioni pandas, pakiti (msimbo uliokwisha tayarishwa) ya kuchambua data.

Dhana: Ukisakinisha pakiti, kompyuta nzima inayo.

Sivyo. Pakiti huingia kwenye Python moja tu, ile ambayo pip yako, zana ya kusakinisha pakiti, ni yake. Kijana yule alikuwa na Python mbili, 3.10 na 3.12. Pip ilikuwa inaweka mzigo kwa moja, programu yake ikiendeshwa na nyingine. Tuliandika `python -c "import sys; print(sys.executable)"` kila upande, njia mbili tofauti zikajitokeza, akaziona kwa macho yake. Tangu hapo anaandika `python -m pip install pandas`, ili Python anayoitumia ndiyo ipokee.

Kuna na hili la majina. Unasakinisha `opencv-python`, lakini ndani ya programu unaandika `import cv2`. Vilevile `scikit-learn` huitwa `sklearn`. Wengi hudhani pakiti imeharibika, kumbe wanaiita kwa jina lisilo lake.

Dhana: Ikikataa, weka `sudo`, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi wa kompyuta.

Tafadhali usifanye hivyo. Kwenye Linux, zana za mfumo wenyewe hutegemea Python. Ukibadilisha toleo la pakiti moja kwa nguvu, unaweza kuzivuruga. Ndiyo sababu Debian 12, aina ya Linux iliyotoka 2023, huizuia pip kugusa Python ya mfumo. Tengeneza mazingira pepe, yaani sehemu ya mradi huo peke yake yenye pakiti zake: `python3 -m venv mazingira`, kisha `source mazingira/bin/activate`.

Dhana: Mazingira mapya kwa kila mradi yatamaliza bando.

Hili nalijali sana, maana wanafunzi wangu wengi hununua bando la siku. Pip huweka akiba ya ilichokwisha kupakua. Ukihitaji toleo lilelile kwenye mradi mwingine, faili kubwa hutoka kwenye akiba hiyo, na mtandao hutumika kidogo tu.

Darasani tunapiga hatua zaidi. Mmoja anapakua kwa `pip download -d mzigo -r requirements.txt` (faili hilo ni orodha ya pakiti za mradi), folda inazunguka kwa flashi, na wengine wanaandika `pip install --no-index --find-links mzigo -r requirements.txt` bila intaneti. Sharti wote wawe na mfumo mmoja na toleo moja la Python, kwa kuwa pakiti kama numpy hujengwa mahususi kwa kila mfumo.

Dhana: Kilichoko PyPI kimekaguliwa.

PyPI ni ghala la mtandaoni ambako pip huchukua pakiti, na yeyote mwenye akaunti anaweza kupakia kitu. Mwaka 2017 idara ya usalama ya Slovakia ilifichua pakiti bandia humo, mojawapo ikiwa `urlib3`, yenye herufi moja pungufu ya `urllib3` halisi. Mimi hunakili jina kutoka kwenye maelezo rasmi ya mradi, silichapi kwa kukumbuka.