Roma haikufa mwaka 476

Katika anime (katuni ya Kijapani) ya Hetalia, ambamo nchi huigizwa kama watu, Roma ya kale ni mzee mchangamfu, babu wa ndugu wawili wa Italia, aliyekwisha kufariki zamani. Nampenda sana, ila watazamaji wengi humwona wakathibitisha dhana ya siku nyingi: kwamba dola ya Roma ilikufa mwaka 476. Mwaka ule Odoacer, kiongozi wa kijeshi, alimng'oa kijana Romulus Augustulus, mtawala wa upande wa magharibi tu. Upande wa mashariki, wenye makao yake Constantinople (Istanbul ya leo), uliendelea hadi 1453. Wenyewe walijiita Warumi. "Bizanti" ni jina walilobandikwa baadaye na wasomi wa Ulaya. Hata Sura ya Ar-Rum, ambayo wengi tumeisoma madrasa, inawataja hao hao, zaidi ya miaka 100 baada ya 476.