Plasta ikishakauka, msumari bado umo

Wiki iliyopita nilisimama barazani kwenye nyumba moja Kisauni, hapa Mombasa, mkononi nimeshika pakiti ya misumari aliyoninunulia mwenye nyumba kwa nia njema. Ilikuwa misumari myeusi ya mbao, ya inchi mbili, ile inayopimwa kwa kilo. Nikamwambia hii haifai kushikia wavu, ule wa waya unaopigiliwa ukutani kabla ya plasta. Akanijibu kwa upole kabisa maneno ambayo nimeyasikia kwa wenye nyumba, kwa vibarua, na hata kwa wasimamizi wa mijengo: "Fundi, kazi ya msumari ni kuushika waya mpaka plasta ikauke. Ikishakauka, plasta ndiyo inayoshika. Msumari hauna kazi tena."

Nimechoka kuyajibu maneno haya nikiwa juu ya jukwaa, simiti inaganda kwenye karai. Leo nayajibu nimekaa.

Kwanza nikubali lililo kweli ndani yake, maana limo. Chukua ukuta mpya wa ndani, na ukanda wa wavu unaovuka pale ukuta unapokutana na nguzo ya zege, na plasta ya milimita 15. Plasta ikishikana vizuri na ukuta, msumari haubebi chochote. Nimewahi kubomoa plasta ya namna hiyo nikakuta misumari inatoka kwa vidole, na plasta yenyewe ilibidi tuing'oe kwa tindo na nyundo. Vitabuni utaambiwa kila msumari uwe imara milele. Mimi nimeona kuta ambazo kazi ya msumari iliisha siku ya tatu na hakuna aliyedhurika.

Lakini kuisha kazi si kuondoka. Msumari unabaki pale pale, sentimita moja hivi nyuma ya rangi, katika mji ambao kusi likivuma hata vioo vya madirisha vinaota chumvi. Chuma kitupu kikipata chumvi na unyevu hushika kutu, na kutu haitoshei mahali palipokuwa pa chuma. Inavimba mara kadhaa ya ukubwa wa chuma kilicholiwa. Inasukuma. Plasta hubeba mzigo wa kuibana. Haiwezi kitu kinachoisukuma kutoka ndani.

Nilivyoliona hili kwa karibu ni Likoni, ukuta wa nje unaotazama bahari. Niliitwa kwa sababu "rangi inaharibika". Nilikuta vidoa vya kutu, kila kimoja kama sarafu ya shilingi kumi, vimejipanga futi kwa futi kutoka msingi hadi linta. Hakuna kuvu wala maji yanayojipanga hivyo. Nikagonga kwa mpini wa mwiko: kila penye doa palilia patupu. Nikachokoa doa moja kwa ncha ya tindo, likatoka pande la plasta lenye umbo la kikombe kilichofunikwa, na chini yake kichwa cha msumari kimefura matabaka matabaka kama kurasa za kitabu kilicholoa. Nikafuata waya. Mbali na msumari, waya ulikuwa bado wa kijivu, mzima. Kukaribia msumari, upana wa kiganja kila upande, haukuwapo. Palibaki mstari wa unga mwekundu ndani ya plasta, umbo la matundu ya waya wa kuku bila waya wenyewe.

Hapo ndipo watu hushangaa. Waya ulikuwa umepakwa zinki, metali ya kukinga kutu, na msumari haukuwa nayo, kwa nini waya ndio umeliwa? Kwa sababu metali mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, zinki hutangulia kuliwa na chuma husubiri. Waya ulikuwa ukiulinda ule msumari kwa kujitoa wenyewe. Zinki yake ilipokwisha pale karibu, chuma cha waya na cha msumari vikaanza kuoza pamoja, na waya ni mwembamba, ndio ukaisha kwanza. Kwa hiyo yule bwana aliyeokoa pesa kidogo kwenye misumari aliutupa na wavu alioununua kwa bei nzuri.

Utaniambia: mbona chuma cha ndani ya nguzo hakiozi? Simiti ina ukali wa alkali unaokifunika chuma kwa utando mwembamba, na utando huo ukiwepo kutu haianzi. Ila nguzo ina sentimita kadhaa za zege gumu juu ya chuma chake, nayo plasta ni nyembamba na ina vinyweleo. Hewa ya ukaa inaingia na kuupunguza ukali huo, na chumvi inauvunja hata kabla haujapungua. Na chumvi tunaiweka wenyewe! Mjengo mwingi hapa kisiwani na pembeni mwake unakorogwa kwa maji ya kisima ambayo huwezi kuyanywa, na mara nyingine kwa mchanga wa ufuoni ambao haukuoshwa. Onja maji kabla ya kukoroga. Ukisikia chumvi ulimini, usitie chuma cha aina yoyote ndani ya plasta hiyo; agiza boza ya maji matamu kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, maana hili huwapata hata wanaonisikiliza. Unamwambia mtu anunue misumari yenye zinki. Anakwenda dukani, anarudi na misumari inayong'aa kama vijiko vipya, na amefurahi. Kung'aa huko ndiko kunakonitia shaka. Kuna njia mbili za kuupa msumari zinki. Moja ni kwa umeme: unatoka laini, unameta, na tabaka lake kwa kawaida ni maikroni 5 hadi 12. Nyingine ni kuuchovya kwenye zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi kama 450 za selsiasi: unatoka wa kijivu uliofifia, una vinundu, wakati mwingine tone limegandia kwenye ncha, na tabaka lake hufika maikroni 50 au zaidi. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Basi ule unaometa umevaa sehemu ndogo ya unywele, na kipigo cha kwanza cha nyundo kinalibandua tabaka pale pale kichwani, mahali panapokaa karibu zaidi na hewa. Zinki huliwa kidogo kidogo kila mwaka, kwa hiyo unene ndio umri. Chagua ule mbaya wa sura. Dukani, upitishe ukucha: ukiteleza kama kwenye kioo, urudishe. Kwa ukuta unaotazama bahari moja kwa moja, mimi naomba stenlesi, na naja na sumaku mfukoni, kwa sababu stenlesi ya kufaa baharini kwa kawaida hainaswi na sumaku au hunaswa kidogo sana. Ni ghali, sikatai. Ila hesabu ni misumari mingapi kwa ukuta mzima, kisha hesabu jukwaa, mafundi na rangi ya kurudia.

Namna ya kupigilia inategemea unapigilia nini, na hapa watu hutumia msumari mmoja kwa kila kitu. Kwenye nguzo ya zege msumari wa kawaida unapinda, na msumari mgumu wa stili ukipigwa kwa hasira unamegua kona ya nguzo na kujilegeza wenyewe. Afadhali drili, tundu la milimita 6, plagi ya plastiki ambayo mafundi wengi huiita fisha, na skurubu yenye washa, kile kisahani chenye tundu katikati. Kwenye ukuta wa matumbawe mambo ni kinyume: jiwe ni laini, lina mapango madogo ndani, na msumari unaweza kuzama kwa vipigo viwili ukadhani umeshika, kumbe umeingia kwenye shimo. Usizidishe kipigo, na ukitumia drili, zima kile kitendo chake cha kugonga, acha izunguke tu. Kisha vuta. Kila msumari wa tano au wa sita mimi naushika kwa pilasi na kuuvuta kwa mkono. Ukija, nasogea inchi mbili na kuanza upya. Katika ukuta mpya uliojengwa kwa simiti, kiungo baina ya mawe hushika vizuri kuliko jiwe lenyewe. Katika ukuta wa zamani wa chokaa, kiungo ni unga. Tafuta jiwe, katikati yake, si ukingoni.

Kichwa cha msumari ni kidogo kuliko tundu la wavu, na dawa wanayoijua wengi ni kuupinda msumari juu ya waya. Tafadhali muache. Ukiupinda unalipasua tabaka la zinki kwenye kona ile, na unaukandamiza wavu ukutani. Vizibo vya soda navyo nimevikuta ndani ya plasta: vinaoza, na nyuma ya kila kizibo pana pango. Washa yenye zinki, pana kidogo kuliko tundu, inatosha. Umbali ni futi moja kati ya msumari na msumari, na kingo zikaribiane zaidi. Wavu uvuke kiungo inchi sita kila upande, na vipande vipandane inchi nne.

Kukandamiza ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Wavu ulionaswa kabisa ukutani hauna faida, kwa sababu plasta inapita juu yake tu, na chini ya waya hakuna kitu. Unataka plasta iuzunguke waya pande zote, kama nyama inavyouzunguka mfupa. Mimi narushia kwanza tabaka jembamba la simiti na mchanga mkali, moja kwa mbili, na sililainishi. Likishika, vinundu vyake vinauinua wavu milimita chache kutoka ukutani. Wavu unavutwa unyooke, lakini usilie kama uzi wa udi.

Na hata ukifanya yote haya, wavu hauuzuii ufa. Unaugawa ufa mmoja mpana uwe nyufa nyembamba nyingi ambazo rangi inaweza kuzificha. Nina wasiwasi kwamba sehemu kubwa ya kazi ya wavu tunayoifanya Mombasa ni kufunika kosa la mtu mwingine: ukuta haukufungwa kwenye nguzo kwa utepe wa chuma wakati wa kuujenga, au plasta haikumwagiwa maji ikakauka kwa jua la saa nane. Nikiambiwa niweke wavu ukuta mzima ili "usipasuke", huwa nauliza kwanza nani alijenga.

Mji wa Kale ni habari nyingine kabisa. Kuta kule ni za matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita, na zimepindapinda. Mwenye nyumba anataka ukuta unyooke, basi plasta inafika sentimita 4. Hiyo ni kama kilo 80 kwa kila mita mraba. Kwa futi kwa futi una misumari 11 hivi kwenye mita hiyo, na plasta ya simiti haishikani vyema na chokaa ya zamani, kwa hiyo hapa msumari ndio unaobeba, kila mmoja kilo saba, usiku na mchana. Maneno ya "hauna kazi tena" yakisemwa hapa, mtu anaweza kuangukiwa na ukuta kitandani.

Ukitumia chokaa badala ya simiti, mzigo hupungua, lakini chokaa hukauka kwa kuivuta ile ile hewa ya ukaa, na ikishaiva haina ukali wa kukilinda chuma. Ndiyo maana kwenye nyumba hizo siku hizi nakataa wavu wa chuma. Waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593, na waliojenga majumba yaliyoizunguka, hawakuwa na wavu. Palipobonyea walitomea: vijiwe vya matumbawe vikakandamizwa ndani ya chokaa mbichi, tabaka kwa tabaka, kila moja likapewa muda wake. Ni kazi ya majuma, na vijana wanaoijua wamebaki wachache. Nawafundisha wawili.

Yule bwana wa Kisauni tulielewana. Tulikwenda pamoja dukani, akapitisha ukucha mwenyewe kwenye pakiti tatu kabla ya kuchagua. Ile misumari yake myeusi hatukuitupa. Tuliipigilia kwenye mbao za jukwaa, na Ijumaa tulipomaliza tukaing'oa yote.